Mwimbaji Hafai

Nikimwambia mtu kwamba kazi yangu ni kusikiliza muziki, hunitazama kwa wivu, kana kwamba nalipwa kwa kujilaza. Aje akae yeye kwenye kile kiti. Aje asikilize, kabla ya chai ya saa nne, vijana kumi na wanane wanaolia kwamba wameachwa, nyuzi za gitaa hazijakazwa, nyuma yao mtu anakohoa na mwingine anamwambia anyamaze. Halafu anywe chai, arudi, asikilize wengine kumi na wanane. Wiki moja tu, atatamani kwenda kuuza misumari.

Nimeifanya kazi hiyo miaka kumi na tisa, katika kampuni inayorekodi na kuuza muziki. Bendi changa, zile ambazo hazijapata mtu wa kuzisimamia, hutuletea demo: nyimbo tatu ndani ya flashi, flashi ndani ya bahasha, bahasha kwenye sanduku la mapokezi. Katibu huzifungua, huandika namba juu ya kila flashi kwa wino mweupe, na jina la bendi hubaki kwenye daftari lake. Mimi naletewa namba tu. Utaratibu huo niliuanzisha mwenyewe, na niliupigania kufa na kupona, baada ya mkurugenzi aliyepita kutuletea mashemeji watatu mfululizo, hakuna hata mmoja aliyeweza kumbembeleza mtoto kwa wimbo akalala. Nikasema kuanzia leo sitaki kumjua mtu. Mtoto wa waziri na mtoto wa mfagizi, kwangu wote ni namba.

Demo mbaya kabisa hazijibiwi. Nzuri zinapanda ghorofani kwa mkurugenzi. Zile zilizokaribia lakini zimepungukiwa kitu, huziandikia kikaratasi cha kijani, mstari mmoja au miwili, bila sahihi, namba juu. Vikaratasi hivyo vina heshima yake mjini. Nimesikia kuna bendi zinavibandika ukutani. Kuna mpiga ngoma mmoja aliyeacha ngoma akashika besi kwa sababu kikaratasi kilimwambia hivyo, na leo anajulikana. Kazini wananiita Sikio. "Sikio amesemaje?" huulizana kwenye ngazi, nami nikipita najifanya sijasikia, kumbe kichwa kimevimba.

Kisha ikafika siku nikawa kweli sisikii.

Lilianza sikio la kulia, miaka miwili iliyopita. Kwanza lilipiga mluzi kama birika, mchana kutwa. Baadaye mluzi ukakoma, nikashukuru, mpaka nilipoiweka simu upande huo nikadhani imekatika. Daktari aliniingiza kwenye kijumba cha vioo, akanivisha hedifoni, akaniambia nibonyeze kitufe kila nikisikia mlio. Kushoto nilibonyeza kama mwendawazimu. Kulia nilikaa nikamsubiri aanze, hadi akaja kuzitoa hedifoni mwenyewe.

"Hili limekwenda, mama," akasema. "Tutunze lililobaki."

Sikumwambia mtu. Nilijifunza ujanja haraka sana. Kwenye mikutano nilikaa kiti cha mwisho, kulia kwangu ukuta. Njiani nilimweka mtu kushoto hata kama ilibidi nitembee mtaroni. Watu wakicheka, nilicheka. Na kuhusu kazi nilijipa moyo hivi: kwenye muziki uliorekodiwa, sauti ya mwimbaji huwekwa katikati, inaingia masikio yote mawili sawasawa. Sikio moja lenye akili linatosha. Watu wangapi wana mawili na hawasikii lolote?

Kama tungebaki jengo la zamani labda yasingenikuta. Kule nilisikiliza kwa spika mbili kubwa, chumba kizima kinajaa, huwezi kukosa kitu. Lakini tulihamia jengo jipya lenye kuta za mbao laini, na mhasibu wa chumba cha pili alilalamika kwamba hawezi kujumlisha huku watu wanalia kwenye ukuta wake. Nikapewa hedifoni. Nilizivaa bila kubisha. Ningebisha, ningeulizwa kwa nini.

Sasa nimtaje mtu ambaye habari hii ni yake kuliko ilivyo yangu.

Mdogo wangu ni fundi majokofu. Mkewe alifariki binti yao akiwa na miaka sita, na tangu hapo mtoto alishinda kwangu kila akitoka shule. Alikuwa na mdomo usiofungwa, akila anaongea, akioga anaongea, kwa hiyo tulimwita Chiriku na jina likaganda. Akiishiwa maneno alikuwa anaimba. Mimi ndiye niliyemfundisha. Nilimpa ndoo tupu ya plastiki, nikamwambia aingize uso humo aimbe, ajisikie mwenyewe anavyosikika, mahali sauti inapokwaruza na mahali inaponyooka. Jirani akadhani tunamwadhibu. Chiriku aliimba ndani ya ile ndoo miaka minne, na alipoutoa uso alikuwa anajua jambo ambalo waimbaji wengi hawalijui mpaka wanazeeka: namna ya kuvuta pumzi katikati ya neno bila mtu kugundua.

Ana miaka ishirini na mitatu sasa, anauza kwenye duka la dawa. Mwaka juzi aliniambia ameingia bendi. Nilimuuliza bendi gani, akacheka.

"Sikwambii ng'o. Nitakuja kupitia sanduku kama wenzangu. Si wewe uliyesema kwako wote ni namba?"

Nilifurahi mpaka nikaona aibu. Nilisema moyoni, huyu nimemlea mimi.

Jumapili moja, karibu saa saba mchana, nilikwenda kwao kula. Mdogo wangu alikuwa uani, jokofu limelazwa chali mbele yake kama mgonjwa, anagongagonga bomba. Chiriku alikuwa jikoni anaosha vyombo. Niliingia, tukasalimiana, nikakaa kwenye kigoda, na ikapita kama robo saa kabla sijajua ni nini kinachonisumbua. Vyombo vilikuwa vinalia, maji yanalia, bomba huko nje linalia, na yeye kimya.

Nilitoka uani. "Ana nini mtoto?"

"Nilidhani unajua, dada," mdogo wangu akasema bila kuinua kichwa. "Ameacha kuimba. Miezi mitano sasa. Ametoka na kwenye bendi."

"Ametoka au ametolewa?"

"Muulize mwenyewe. Mimi nikimuuliza ananiambia niangalie majokofu yangu."

Nilirudi jikoni, nikakifunga kile kilango cha uani. Chiriku akajua nimekuja na maswali. Alijifuta mikono polepole, kidole kimoja kimoja, akaenda chumbani, akarudi na pochi yake. Akatoa kikaratasi cha kijani kilichokunjwa mara nne.

"Wenzangu walishindwa kusema," akaniambia. "Wakanipa hiki nisome mwenyewe. Halafu wakatazama viatu vyao."

Niliutambua mwandiko kabla ya kusoma neno. Juu kulikuwa na namba, 212. Chini yake nilikuwa nimeandika: "Wapigaji wako tayari. Mwimbaji hafai, sauti haina nguvu na iko mbali. Mbadilisheni, kisha mlete tena."

Nilikisoma tena, nikitafuta kosa kwenye mwandiko, labda kuna mtu aliyeniiga. Hakuna anayeweza kuiiga ile f yangu.

"Sikukasirika, shangazi," Chiriku akasema. Alikuwa anajaribu kunituliza, mimi. "Mwanzoni nililia, ndiyo. Lakini angekuwa mtu mwingine kaandika, ningebisha mpaka kesho. Nikajiambia, shangazi ananijua sauti tangu nikiwa na miaka sita. Kanitambua, na bado kaandika hivi. Basi atakuwa kasikia kitu ambacho mimi sikisikii. Nikasema hewala."

"Chiriku..."

"Afadhali wewe kuliko watu wa nje wanicheke jukwaani. Nakushukuru, kweli. Ila sasa nikiimba, hata bafuni, naisikia ile 'hafai' kwanza. Ndiyo maana nimeacha. Siyo hasira."

Nilipaswa kusema palepale. Nilikuwa na maneno mdomoni: sikukutambua, sikuisikia sauti yako, sikio langu limekufa. Badala yake nilimrudishia kikaratasi chake na kusema chakula kinapoa. Tulikula. Mdogo wangu alisimulia habari za mteja aliyefuga mende ndani ya jokofu, na mimi nilicheka alipocheka, ule ujanja wangu wa siku zote.

Jumatatu niliwahi kazini kuliko mfagizi. Flashi zilizosikilizwa hukaa mwaka mzima kwenye maboksi ya viatu chini ya meza yangu. Nilipiga magoti, nikatafuta, nikaipata 212. Nilivaa hedifoni nikaifungulia.

Ilikuwa vilevile kama nilivyoiandika. Ngoma safi, gitaa safi, besi ya mtu mwenye subira. Na mwimbaji yuko mbali kabisa, kama anaimba nyumba ya pili na amefunga mlango. Nilijitetea kwa nusu dakika nzima. Nikasema, unaona, hukukosea, mtu yeyote angeandika hivyo.

Kisha nikazivua hedifoni, nikazigeuza, upande wa kulia nikauweka kushoto.

Alikuwa karibu kiasi kwamba niligeuka kumtafuta. Chiriku, mzima mzima, bila ngoma, bila gitaa, yeye peke yake ndani ya kichwa changu. Nikaelewa walichofanya wale watoto. Walikuwa na vipaza sauti viwili tu. Kimoja wakawawekea wapigaji, kimoja wakampa mwimbaji peke yake, kwa heshima, kile kizuri zaidi bila shaka. Vikaingia kwenye mashine kila kimoja upande wake, na hakuna aliyejua kwamba inatakiwa kuvichanganya. Wapigaji wote kushoto. Mwimbaji mzima kulia. Mtu yeyote mwenye masikio mawili angecheka, angesema hawa watoto washamba wa mashine lakini huyu binti ni hatari, leteni huyu binti hapa. Kile nilichokisikia mimi kilikuwa makombo ya sauti yake yaliyoangukia kwenye kipaza cha wapigaji.

Ulikuwa wimbo kuhusu mwanamke anayetandika kitanda cha mtu ambaye hatarudi. Kwenye ubeti wa pili, katikati ya neno refu, akavuta pumzi. Mtu mwingine asingeisikia. Mimi niliisikia kwa sababu niliiweka mimi, ndani ya ndoo.

Nililia kwa sauti hadi mhasibu akagonga ukuta.

Nilipotulia nilishuka kwa katibu kumwomba daftari. Alishangaa, maana kwa miaka yote sijawahi kuliomba. Akanionyesha kwa ncha ya kalamu: bendi ya namba 212 ilirudi baada ya miezi miwili, ikapewa namba 267. Na 267 niliikumbuka vizuri sana. Wimbo uleule wa kitanda, safari hii umerekodiwa studio, mwimbaji mwingine, msichana mwenye sauti ya kupendeza isiyo na lolote ndani yake. Niliandika "wapandishwe" na nikajipongeza kwamba kuna vijana bado wanasikia ushauri. Mkataba ulishasainiwa. Albamu ilikuwa inamaliziwa ghorofa ya tatu, juu ya kichwa changu.

Nilipanda kwa mkurugenzi. Ni kijana kwangu, angeweza kuwa mwanangu wa pili kama ningekuwa na wa kwanza, na hajawahi kunivunjia heshima. Nilimweleza yote, sikio, hedifoni, vipaza viwili, mtoto wa mdogo wangu. Alipoanza kuelewa alinyanyuka akafunga mlango.

"Nani mwingine anajua, mama?"

"Daktari."

"Basi aishie hapohapo." Akakaa ukingoni mwa meza, akajikuna shingo. "Sikiliza. Hii bendi hatuwezi kuirudisha nyuma. Yule msichana amesharekodi nyimbo tisa, mabango yamechapishwa uso wake. Tukimtoa tutamweleza nini? Na hili la sikio likitoka nje, kila bendi iliyopata kikaratasi cha kijani miaka miwili hii itakuja kukaa pale getini. Watasema tumewachezea maisha."

"Tumewachezea."

"Mama, unastaafu baada ya miezi saba. Nitakuletea spika ndogo, mhasibu tutamhamisha. Fanya kazi yako umalize salama, tukufanyie sherehe. Binti mpe moyo. Mwambie ajaribu tena, mimi mwenyewe nitamsikiliza."

"Na nikimwambia kwa nini ajaribu tena?"

"Usimwambie kwa nini," akasema kwa upole. "Mwambie tu ajaribu."

Sitajifanya mtakatifu. Nilishuka ngazi zile nikiwa nimekubali. Nilimwona mkurugenzi ana akili, anaona mbali. Nilikuwa nimeshapanga na maneno: Chiriku, nimekifikiria kile kikaratasi, naona nilikuwa mkali, rudi jaribu. Nani angeumia? Yeye angerudishiwa moyo, na mimi ningebaki Sikio mpaka siku ya sherehe, nikate keki, niende. Kwa sababu ukiniondolea sikio, mimi ni nani? Sina mume, sina mtoto, sijawahi kuimba hata mstari mmoja mbele za watu. Nina hili jina la kwenye ngazi tu.

Kilichonigeuza ni kitu kidogo. Nilirudi mezani, nikajaribu kuyasema yale maneno niliyoyapanga, kwa sauti ya chini, nizoee. "Nilikuwa mkali." Nikaona uso wa Chiriku ukiyapokea. Angenishukuru tena. Angeimba tena kwa sababu shangazi amemhurumia, na ile "hafai" ingebaki palepale ilipo, imefunikwa tu. Angeibeba hadi uzeeni, na mimi ndiye ningekuwa nimemtwika mara mbili. Roho yangu ilikataa.

Niliomba ruhusa, nikaondoka saa nane.

Duka lao la dawa lina mlango wa nyuma unaotokea kwenye uchochoro wa maboksi matupu, na huko wauzaji huenda kupumzisha miguu. Chiriku alitoka na koti lake jeupe, tukakaa kwenye ngazi ya saruji, yeye kushoto kwangu. Nilimwambia kila kitu moja kwa moja, bila kupumzika, nikitazama maboksi. Nilipomaliza alinishika mkono.

"Baba kakutuma," akasema.

"Hajanituma mtu."

"Shangazi, jamani. Jumapili tu ulikuwa umekaa jikoni, ukasema lile jokofu jingine huko nje linanguruma vibaya. Baba mwenyewe hakuwa amelisikia. Leo uniambie huna sikio?"

"Mlango wa uani ulikuwa kushoto kwangu."

"Mh!" Alitabasamu, tabasamu lile la kumwonea mtu mzima huruma. "Nakujua. Umekaa na kile kikaratasi siku moja umeshindwa kulala. Sasa umetafuta sababu nzuri ya kunipoza. Usinihurumie, shangazi, huruma ndiyo inayonimaliza. Nikiwa sifai, sifai. Kuna watu wengi hawafai na wanaishi."

Nilikasirika, Mungu anisamehe. Miaka miwili nimewadanganya watu kwa ustadi, na siku nimeamua kusema kweli ustadi wenyewe unanikataza. Nilisimama, nikamzungukia, nikakaa upande wake mwingine ili awe kulia kwangu.

"Sema kitu," nikamwambia. "Imba, sema, tukana, chochote, karibu kadiri unavyotaka. Mimi naziba hili zima."

Nikaliziba la kushoto kwa kiganja, nikabana kweli kweli, nikafumba macho.

Nilisikia mkono wangu unavuma. Nilisikia moyo. Nilimsubiri aanze. Nikahesabu mpaka ishirini, nikaona amegoma, nikaona ananitazama tu na lile tabasamu lake, nikataka kumgombeza. Ndipo nilipohisi joto. Lilikuwa pumzi yake, kwenye ndewe ya sikio langu, inakuja na kukatika, inakuja na kukatika. Alikuwa ameanza zamani.

Sikufumbua macho. Nilimwacha amalize. Sijui ilichukua muda gani. Joto lilipoacha kuja, niliondoa kiganja nikamgeukia. Uso wake ulikuwa umelowa wote.

"Umesikia?" akauliza.

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, mwanangu."

Mwenzake alichungulia mlangoni kumwita, akamwona, akarudi ndani.

"Kwa hiyo aliyesema sifai hakunisikia," akasema.

"Hakukusikia."

"Na yule aliyekuwa akisema nafai, wakati ule wa ndoo?"

"Yule alisikia yote. Na jana ningekuwa na akili ningekwambia, lakini nimekuambia leo. Unafaa. Umewapita wote waliopita mezani kwangu."

Nilimuuliza alikuwa anasema au anaimba, na kama anasema, alisema nini. Alijifuta kwa upindo wa koti.

"Basi tu, shangazi," akasema. "Nilisema nikidhani unasikia. Halafu nikaona kweli husikii."

Akarudi ndani kuuza dawa.

Kazini nilikaa wiki tatu zaidi. Nilizipitia upya flashi zote zilizokuwa kwenye maboksi ya viatu, hedifoni nimezigeuza, mia tatu na kitu. Nilipata saba nyingine zilizorekodiwa vile, mwimbaji mzima kulia. Za mwaka wa kwanza zilikuwa zimeshatupwa, hizo sitazijua kamwe. Niliwaandikia wale saba vikaratasi vipya, safari hii kwa jina langu na sababu yangu, nikamwomba katibu avipeleke bila kumwuliza mkurugenzi. Wawili walijibu. Mmoja aliandika kwamba bendi ilivunjika na gitaa aliligawa. Wa pili alinitukana, tusi lililoandikwa vizuri bila kosa hata moja. Sherehe haikuwepo. Mkurugenzi aliniaga getini, akanipa mkono, na mimi sikumlaumu.

Albamu ya ile bendi imetoka. Wimbo wa kitanda unapigwa kwenye maduka, kwa vinyozi, kila mahali. Yule msichana anavuta pumzi mwishoni mwa mstari, wazi kabisa, kila mtu anasikia, hakuna anayejali. Chiriku bado yuko duka la dawa. Nilimwambia namjua mtu kwenye kampuni nyingine. Akasema ataona. Sijamsukuma.

Jumapili bado naenda kwao. Akitaka kuongea na mimi anakuja kukaa kushoto kwangu, bila kuambiwa, na tunaongea vizuri tu, ananisimulia wateja wake na magonjwa yao ya kubuni. Tukishakula mimi nakaa kwenye kigoda changu na yeye anaosha vyombo. Siku hizi amelihamisha beseni. Zamani lilikuwa karibu na dirisha, sasa ameliweka kwenye pembe, chini ya tundu la hewa la uani, kulia kwangu, nyuma kidogo.

Kwa pembe ya jicho naona mdomo wake unacheza, polepole, maji na vyombo vinaimeza sauti kabla haijafika kushoto kwangu. Mara ya kwanza niligeuka, na ukafumba palepale, akaniuliza kama nataka chai. Sasa sigeuki. Natazama mbele, nakunja kitambaa, nakikunjua. Huko uani mdogo wangu anagonga mabomba yake, ko, ko, ko, na ukifika wakati fulani anaacha kugonga na hagongi tena kwa dakika tatu, nne. Hivyo ndivyo ninavyojua kwamba Chiriku anaimba.